Majaruba ya chumvi na swali la nakala ya kwanza

Kila mwaka kaskazi inapokaza na mvua za vuli zikawa zimeshapita, ami yangu hurudi kwenye majaruba yake ya chumvi, upande wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Bamvua likija hufungua kijilango cha mbao kwenye tuta, maji ya bahari yakaingia katika bwawa kubwa la kwanza. Yakishatulia na kupungua kwa jua huyapitisha katika jaruba la pili, kisha la tatu, na katika jaruba la mwisho, ambalo kina chake hakifiki kifundo cha mguu, huyaacha hadi yafanye ukoko mweupe juu kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Ukoko huo ukipata uzito huvunjika, vipande vikazama, na baada ya siku kadhaa chini pametanda chembe za mraba, kila moja na pembe zake, ambazo yeye huzikokota kwa ubao wenye mpini mrefu hadi ukingoni.

Nimeyaona haya tangu utotoni. Nikawa mwalimu wa kemia katika skuli moja ya Unguja, nikawafundisha watoto wa watu habari ya mvukizo na fuwele bila hata mara moja kuyataja majaruba ya ami. Nilianza kuyatazama upya miaka michache iliyopita tu, kwa sababu jioni zangu nilikuwa nimeshazitia katika jambo ambalo wenzangu wa barazani wanaliona ni wazimu wa mtu asiye na shamba: kuandika programu ya kompyuta inayoiga namna molekuli za kwanza zilizojinakili zilivyoweza kudumu, katika dunia ambayo bado haikuwa na kiumbe hai hata kimoja.

Neno "kudumu" nimelichagua kwa makusudi. Watu wengi wanaposikia habari ya asili ya uhai huuliza ulianzaje, kana kwamba ugumu wote uko katika dakika ile ya kwanza, na likishapatikana jibu la dakika hiyo mengine yatajiendea yenyewe. Mimi pia niliingia na fikra hiyo. Hesabu ndizo zilizonionesha kwamba mwanzo ni sehemu nyepesi ukiulinganisha na yanayofuata, na kwamba molekuli inayojinakili, ikiachwa peke yake ndani ya maji mengi, huelekea kuharibika kwa kasi kuliko inavyoongezeka.

Mwaka 1953, Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alifunga maji, methani, amonia na hidrojeni ndani ya vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme kwa siku kadhaa, na alipoyapima yale maji yaliyobadilika rangi alikuta asidi za amino, yaani matofali yanayojengewa protini. Jaribio hilo lina sifa yake na sitaki kuipunguza. Lakini tofali si nyumba. Ili asidi mbili za amino zishikane, au nyukliotidi mbili, yaani herufi za RNA, ule mnyororo unaobeba habari za urithi, zishikane, lazima molekuli moja ya maji itoke katika kiungo. Mahali palipojaa maji kila upande, kuyataka maji yatoke ni kutaka nguo ikauke huku umeikalisha ndani ya beseni. Mnyororo ukijaribu kujiunga, maji yanaurudi na kuukata. Bahari nzima iliyokorogwa na matofali mazuri inaweza kukaa miaka na miaka bila kupata mnyororo mrefu wa maana.

Hapo ndipo majaruba yaliponijia. Kidimbwi kinachokauka kinafanya kazi mbili kwa mara moja: kinayasogeza matofali karibu karibu, na kinayaondoa maji yale yale yanayozuia kiungo. Kikirudi kujaa, minyororo iliyoungana hutawanyika, ikakutana na mingine, ikabadilishana mahali. Charles Darwin aliandika katika barua ya mwaka 1871 juu ya kidimbwi kidogo chenye vuguvugu. Katika siku zetu David Deamer na wenzake wa California wamelipeleka wazo hilo maabara, wakirudia kulowesha na kukausha mchanganyiko wa nyukliotidi na mafuta hadi wakapata minyororo. Na mwaka 2004 Richard Lathe alichapisha hoja ambayo mtu wa pwani hawezi kuisoma bila kutabasamu: kwamba kujaa na kupwa kwa maji ndiko kulikoendesha kunakili kwa molekuli za kwanza. Mwezi wakati huo ulikuwa karibu zaidi na dunia (hata leo unatuacha kwa kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka), siku ilikuwa fupi zaidi, na kwa hiyo maji yalikwenda na kurudi kwa haraka na kwa nguvu kuliko sisi tunavyoyajua. Maji yakipwa, fukwe zikikauka, minyororo inaungana. Maji yakijaa, nyuzi mbili zilizolalana zinaachana, na kila moja inakuwa kiolezo cha nyingine. Wapo waliompinga juu ya kasi aliyoikadiria, na nadhani upingaji wao una uzito, lakini kiini cha hoja hakitegemei kasi hiyo. Hata maji yetu ya leo, yanayojaa mara moja kwa kila saa 12 na dakika 25, yangetosha kulowesha na kukausha mwamba mara 700 na zaidi kwa mwaka.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu, nami naieleza kwa sababu aibu yenyewe ina faida. Niliandika kidimbwi kimoja chenye idadi maalumu ya herufi nne za RNA, yaani A, U, G na C, nikaweka vipindi vya ukavu ambamo herufi zinaungana na vipindi vya maji ambamo viungo vinakatika. Njia niliyoitumia ni ile aliyoieleza Daniel Gillespie mwaka 1977, ambayo hadi leo ndiyo mkate wa kila siku wa watu wa fani hii. Kompyuta haishughuliki na molekuli zote kwa pamoja. Inarusha kete mara mbili tu. Kete ya kwanza inaamua tukio linalofuata litatokea baada ya muda gani, na ya pili inaamua litakuwa tukio lipi kati ya yote yanayowezekana, kwa kadiri ya uzito wa kila moja. Tukio likishatokea, hesabu za molekuli zinarekebishwa, kete zinarushwa tena. Faida yake ni kwamba inaheshimu uchache: molekuli zikiwa tatu, ni tatu, si wastani wa tatu nukta nne.

Usiku wa kwanza niliouachia uendeshaji mrefu, nilikuta asubuhi minyororo ya herufi mia tatu, mia nne, imejaa kidimbwi. Nilifurahi kwa muda wa chai ya asubuhi. Kisha nikajumlisha herufi zote zilizomo ndani ya minyororo, nikaona ni nyingi kuliko herufi nilizozitia mwanzoni. Nilikuwa nimesahau mstari mmoja, ule wa kupunguza herufi iliyo huru kila inapotumika. Molekuli zangu zilikuwa zinajengwa kwa vitu visivyokuwepo. Mimi ambaye kila muhula huwakata alama wanafunzi wa kidato cha tatu kwa mlinganyo usiosawazika, nilikuwa nimetoa uhai kwa mlinganyo usiosawazika. Niliporekebisha, minyororo ilishuka ikawa mifupi mno, herufi sita, saba, kumi, na mara moja moja ishirini. Tangu siku hiyo nina tabia ya kushuku modeli yoyote inayotoa jibu zuri upesi, ya kwangu kwanza kabla ya ya mwenzangu.

Tuseme sasa kwamba kwa bahati, kwa muda mrefu na kwa vidimbwi vingi, umepatikana mnyororo wenye uwezo wa kusaidia kunakiliwa. Bahati yenyewe si ndogo: mnyororo wa herufi 10 una sura tofauti 1,048,576, idadi ambayo kidimbwi chochote kinaweza kuimaliza, lakini mnyororo wa herufi 100 una sura nyingi kuliko atomu zote za dunia hii. Hata hivyo tuseme umepatikana. Mambo magumu ndipo yanapoanza.

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunajua nakala ni kitu gani. Mwalimu alimwandikia mkubwa wetu sura juu ya ubao, mkubwa akamwandikia mdogo wake, mdogo akamwandikia mwengine, na nukta moja ikisahaulika juu ya herufi, yule wa mwisho husoma neno jingine kabisa. Kwetu mwalimu alikuwepo, anapita na fimbo, anasahihisha. Molekuli za kwanza hazikuwa na mwalimu. Zilinakiliwa kwa kulalana herufi kwa herufi, bila kimeng'enya (molekuli ya kuharakisha kazi za kemia) cha kusahihisha, na kosa la herufi moja katika kila mia ni kadirio la huruma kwa unakili wa namna hiyo.

Mjerumani Manfred Eigen, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1967 kwa kazi nyingine, aliiweka shida hii katika hesabu mwaka 1971, na hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa skuli kwa kikokotoo. Ikiwa kila herufi ina nafasi ya asilimia 99 ya kunakiliwa sawasawa, mnyororo wa herufi 50 utatoka salama kwa asilimia 60 hivi ya mara zote. Wa herufi 100, asilimia 37. Wa herufi 200, asilimia 13. Wa herufi 300 haufiki asilimia 5. Sasa weka sharti kwamba mnyororo ule bora unajinakili mara kadhaa haraka kuliko nakala zake zilizoharibika. Ili ubora wake usipotee, ubora huo ukizidishwa kwa nafasi ya kutoka salama lazima upite moja. Akiwa bora mara mbili ya wenzake, urefu wake hauwezi kuzidi herufi 69 hivi. Akiwa bora mara kumi, jambo ambalo ni fadhila kubwa, hauwezi kuzidi 229 hivi. Ukivuka mpaka huo, mnyororo haupungui ubora pole pole, unayeyuka. Kizazi baada ya kizazi kinabaki kundi la nakala za nakala zisizofanana na chochote, na habari iliyokuwemo imekwenda zake.

Niliupima mpaka huo katika programu yangu bila kuiambia programu kwamba mpaka upo. Nilianza na mnyororo bora mmoja, nikaurefusha kidogo kidogo kila uendeshaji, na kwenye skrini nikachora mstari wa idadi ya nakala kamili. Kwa urefu mdogo mstari ulikaa juu ukitetemeka kama maji ya mtungi uliobebwa. Nilipokaribia ukingo alioutabiri Eigen mtetemeko ukazidi, na hatua chache mbele mstari ukaanguka chini moja kwa moja na haukunyanyuka. Kuusoma mpaka katika karatasi na kuuona ukikukatikia mbele ya macho ni mambo mawili.

Tatizo lenyewe lina mkia mchungu. Kimeng'enya cha kunakili kwa makosa machache kinahitaji mnyororo mrefu wa kukielekeza, na mnyororo mrefu hauwezi kudumu bila kimeng'enya hicho. Ni fundi anayetaka mbao za kuundia jahazi, na mbao zenyewe ziko Bara, na hakuna jahazi la kwenda kuzichukua. Eigen na mwenzake Peter Schuster walijaribu kulifungua fundo hilo kuanzia mwaka 1977 kwa kupendekeza duara la ushirika: minyororo mifupi kadhaa, kila mmoja chini ya mpaka, wa kwanza unamsaidia wa pili, wa pili unamsaidia wa tatu, hadi wa mwisho unaomrudia wa kwanza. Kwa pamoja wanabeba habari ambayo mmoja peke yake asingeibeba. Katika karatasi inapendeza. Lakini ushirika wowote wa namna hiyo una mlango wa nyuma, na mlango huo unajulikana na kila aliyewahi kucheza upatu: atakayepokea na asitoe.

Kimelea hakihitaji hila. Kinahitaji wepesi tu. Mwaka 1967 Sol Spiegelman na wenzake huko Illinois walichapisha jaribio ambalo mimi naliona ni la kutisha kidogo. Walichukua RNA ya kirusi kiitwacho Qβ, wakaitia katika bomba lenye kimeng'enya cha kuinakili na herufi za kutosha, na kila baada ya muda wakahamisha tone dogo kwenda bomba jipya, mara 74. Ndani ya bomba hakuna bakteria wa kumwambukiza, hakuna ganda la kujenga. Kinachohesabiwa ni nani atanakiliwa upesi. Mwishoni RNA ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake. Ilikuwa imesahau namna ya kuwa kirusi, ikawa stadi wa jambo moja tu, kunakiliwa.

Ajabu ni kwamba kompyuta zilishaonesha tabia hiyo hiyo bila kemia yoyote. Nils Aall Barricelli alikuwa akiendesha viumbe vyake vya namba huko Princeton mwaka 1953, mwaka ule ule wa cheche za Miller, katika mashine ambayo kumbukumbu yake yote ilikuwa kilobaiti 5, na tayari aliona namba zinazoishi kwa mgongo wa namba nyingine. Thomas Ray alipoandika dunia yake ya programu zinazojinakili, aliyoichapisha mwaka 1991, alianza na mzazi mmoja wa maagizo 80, na haukupita muda akazuka kiumbe wa maagizo 45 asiyejua kujinakili mwenyewe, bali anaazima maagizo ya jirani. Katika programu yangu nilivyoongeza minyororo ya aina hiyo, minyororo inayonakiliwa bila kunakili, hadithi ilikuwa moja kila nilipoiendesha: vimelea vinapanda, washirika wanashuka, kisha vimelea navyo vinakufa kwa kukosa wa kuwanakili, na kidimbwi kinabaki supu ya herufi.

Nilikaa na ukuta huo miezi. Kilichouvunja ni safari ya Idd kwenda Pemba, na swali la kawaida kabisa nililomuuliza ami. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na matuta mengi, kwa nini majaruba ya mwisho ni madogo madogo hivi, asichimbe moja kubwa likampunguzia kazi ya kuyatengeneza kila msimu.

"Mwanangu," akasema, "likichafuka moja, si nimeharibikiwa na moja?"

Akanionesha jaruba ambalo tuta lake lilipasuka, tope likaingia, na chumvi yake ikawa ya kahawia, haina mnunuzi. Majaruba mawili jirani zake, kulia na kushoto, yalikuwa meupe. Baadaye ataliosha lile chafu kwa maji ya majaruba mazima na kuanza upya.

Jambo hili watu wa modeli walishalijua, nami nilishalisoma bila kulielewa. Eörs Szathmáry na László Demeter walilieleza mwaka 1987: ukizigawa molekuli katika vyumba vidogo, kimelea kinaua chumba chake na si nyumba nzima. Kinachonivutia ni kwamba dawa inafanya kazi kwa sababu vyumba ni vidogo. Chukua mchanganyiko ambao nusu ni washirika na nusu ni vimelea, uugawe kwa bahati nasibu, molekuli nne kwa kila chumba. Nafasi ya chumba kupata washirika watupu ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani chumba kimoja katika kila 16. Si nyingi, lakini chumba hicho kitastawi kuliko vyote, na kikimwagika kitajaza wenzake. Sasa weka molekuli 40 kwa kila chumba. Nafasi ya kupata chumba safi inakuwa moja katika zaidi ya trilioni moja, ambayo ni sawa na kusema hakuna. Wingi, ambao mimi niliudhani ni rafiki wa uhai, hapa ni adui yake. Bahati mbaya ya kugawanya vitu vichache, ile ambayo katika hesabu za wastani tunaifuta kama kelele, ndiyo inayotenganisha safi na chafu.

Kumbe haikuhitajika hata ngozi ya seli. Maarten Boerlijst na Paulien Hogeweg, Waholanzi, walionesha mwaka 1991 kwamba ukizitandaza molekuli juu ya uso ambapo kila moja inashughulika na majirani zake tu, ushirika ule wa Eigen unajipanga kwa mawimbi yanayozunguka kama konokono, na mawimbi hayo yanawasukuma vimelea nje. Na mwaka 2016 kundi la watafiti likafanya kwa RNA halisi yale yaliyokuwa ya kompyuta: wakaifunga katika matone madogo, wakayavunja matone na kuchanganya, wakafunga tena, mzunguko baada ya mzunguko. Vyumba vya muda tu, vinavyojengwa na kubomolewa, vilitosha kuwaokoa wenye kazi wasimalizwe na vimelea. Vyumba vya muda vinavyojengwa na kubomolewa! Ufukwe wa mawe kule Makangale au Kigomasha, maji yakipwa, una vishimo visivyo na hesabu, kila kimoja na maji yake, na maji yakijaa vyote vinakuwa bahari moja.

Nilirudi Unguja nikaandika upya, mara hii si kidimbwi kimoja bali gridi ya vishimo vidogo vinavyotengana wakati wa ukavu na kuchanganyika wakati wa maji. Siku ya pili umeme ulikatika katikati ya uendeshaji, nami nilikuwa sijahifadhi chochote, basi nikaanza tena. Safari hiyo vimelea vilikuja kama kawaida yao, vikaua vishimo vingi, lakini havikuua vyote, na mstari wa washirika ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukaendelea. Nilimwita mke wangu aone. Aliutazama mstari kwa adabu, akauliza kama hiyo ndiyo niliyokuwa naikeshea.

Nisifiche udhaifu wa mambo haya. Wapo wenye mkabala mwengine kabisa, kama Stuart Kauffman, ambaye mwaka 1986 alieleza kwamba molekuli zikiwa za aina nyingi vya kutosha, mtandao wa kuchocheana utajitokeza wenyewe bila kuhitaji kunakili herufi kwa herufi, na Wim Hordijk na Mike Steel wakautafutia mtandao huo njia ya kuugundua kwa kompyuta mwaka 2004. Ni hesabu safi, ila kwa maoni yangu zinaidai kemia kidogo mno. Wapo pia wanaosema vidimbwi si lolote, tazameni matundu ya maji moto chini ya bahari kama yale ya Lost City yaliyogunduliwa mwaka 2000 katika Atlantiki, ambamo mawe yenyewe yana vijitundu vya kutenga na tofauti ya kemikali ya kutoa nishati. Vijitundu hivyo navyo ni vyumba, nami siwezi kuvidharau.

Pigo kubwa zaidi kwa majaruba ya ami linatoka kwa watu wa vidimbwi wenyewe. Maji ya bahari yana magnesi na kalsi nyingi, na madini hayo huziangusha asidi za mafuta zikawa takataka badala ya kufanya utando, yaani ngozi ya seli; kila anayefua kwa sabuni na maji ya chumvi anajua povu halitoki. Kwa sababu hiyo Deamer anasisitiza maji baridi ya mvua juu ya ardhi ya volkano, na chemchemi za moto, si ufuko wa bahari. Jaruba la mwisho, lile lenye kutoa chumvi nyeupe, huenda ni mahali pabaya kuliko pote kwa kiputo cha kwanza cha mafuta. Nilimweleza ami hivyo nilipompigia simu, kwa sababu nilishampa sifa ambayo sasa lazima nimnyang'anye. Hakuonesha kuumia. Alisema wao tangu chuoni walifundishwa kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji, na hakumbuki kama walitajiwa chumvi.

Kisha akauliza katika programu yangu mvua inanyesha lini. Nikamwambia hainyeshi, kuna kujaa na kupwa, kwa saa zake, bila kukosea.

"Hapana mvua ya ghafla?"

"Hapana, ami."

"Basi hayo si majaruba." Akanieleza habari ya mwaka ambao mvua moja ya usiku, nje ya msimu, ilimyeyushia chumvi ya wiki tatu iliyokuwa imeshakaa tayari kuvunwa. Mwenye majaruba, alisema, hahesabu jua tu; anahesabu ile siku ambayo jua halitatoka, nayo haina tarehe.

Nilikuwa nimeweka vipindi sawasawa kwa sababu ni rahisi kuandika. Usiku huo nikafuta mzunguko wa saa, nikaweka mahali pake kete nyingine, inayoamua ukavu utadumu muda gani na maji yatarudi lini, ikiwemo mara moja moja mafuriko yanayochanganya vishimo vyote kabla ya wakati. Nilipoiendesha, makundi ya vishimo yaliyokuwa yakiishi vizuri chini ya saa yalianza kufa. Baadhi yalibaki. Yaliyobaki yana minyororo mifupi kuliko ile ya awali, na sijui bado kama ni kwa sababu mnyororo mfupi unawahi kunakiliwa kabla ya mvua, au ni kosa jingine la mlinganyo usiosawazika. Nimeanza kujumlisha herufi upya, kishimo kwa kishimo.